Katriji za bei nafuu za pleya ya santuri: ipi ununue, ipi uiache

Ukiwa na kama dola 70 mkononi, na pleya yako inaruhusu katriji kubadilishwa, agiza Audio-Technica AT-VM95E, ifunge, uendelee na muziki wako. Hilo ndilo jibu fupi, na wengi hawahitaji jingine. Maelezo yanayofuata ni ya wale ambao hali zao zinatofautiana kidogo: mwenye pleya ya bei ya chini ambayo katriji yake haitoki, mwenye rundo la santuri ndogo za miaka ya 1970 zilizochoka kwa kupigwa, aliyerithi sahani nzito za bibi za mwendo wa 78 (mizunguko 78 kwa dakika), na yule aliyepata fedha ya ziada anayejiuliza aiongeze wapi.

Msimamo wangu niuseme mapema ili ujue unasoma mawazo ya nani. Kinachouzwa kwa jina la katriji ni vitu viwili vilivyoshikana: mwili, ambao usipouangusha utadumu miongo kadhaa, na sindano, ambayo inakwisha kama soli ya kiatu. Kwa hiyo anayenunua katriji anachagua ukoo wa sindano atakazokuwa akizinunua miaka inayokuja. Katriji tamu ambayo sindano yake haipatikani tena naihesabu kuwa hasara, hata kama imeuzwa kwa nusu bei.

Kinachofanyika ndani

Ncha ya almasi inapita kwenye mfuo wa santuri na kutikisika. Mtikisiko unapanda kwenye kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini, na mwisho wa kijiti kuna sumaku ndogo. Sumaku ikicheza karibu na koili, umeme unazaliwa, milivolti tatu hadi sita hivi. Umeme huo ni mdogo mno kwa tundu la kawaida la amplifaya, ndiyo maana lazima upitie kwenye sakiti ya fono, iwe imo ndani ya amplifaya, ndani ya pleya yenyewe, au kwenye kiboksi cha pembeni. Aina hii huandikwa MM kwenye maboksi.

Kuna nyingine, MC, ambayo kinachotikisika ni koili. Denon DL-103, iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, ni ya aina hiyo na mashabiki wake hawajaisha. Lakini hutoa milivolti 0.3 tu, inadai fono ya aina yake, na sindano ikiisha huwezi kuichomoa kwa vidole ukaweka nyingine. Ukijumlisha hayo na bei yake, haina nafasi katika orodha ya bei nafuu.

Itazame pleya kabla ya kufungua pochi

Watu wengi hununua katriji kisha ndipo wanagundua haiwezi kufungwa. Inama utazame mwisho wa mkono wa pleya yako.

Ikiwa pleya ni ile ya begi, yenye spika ndani na sindano ndogo nyekundu ya plastiki, ina katriji ya seramiki. Hizo hukandamiza santuri kwa gramu tano au zaidi, na ncha yake mara nyingi ni ya yakuti bandia inayokwisha baada ya makumi machache ya saa. Katriji bora haiwezi kuwekwa hapo, kwa sababu mkono hauna uzito wa nyuma unaoweza kurekebishwa. Ushauri wangu ni usitumie hela kuiboresha. Weka akiba ya pleya nyingine, na kwa sasa badilisha sindano mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Ikiwa pleya ni kama AT-LP60X, ambayo ndiyo pleya ya kwanza ya watu wengi, katriji imejengwa ndani ya mkono. Hutaweza kuitoa, lakini sindano inachomoka, nayo ni ATN3600L. Hapo huna uamuzi mgumu: unanunua sindano hiyo hiyo mpya.

Ukiona skrubu mbili zilizoachana nusu inchi, na nyaya nne ndogo za rangi nyuma ya katriji, una uhuru wote. Pleya za Technics SL-1200 ambazo madijei walizipiga kwa miongo, AT-LP120X, Rega, Pro-Ject, zote ziko kundi hili. Kundi la mwisho ni pleya za miaka ya 1980 zenye katriji inayochomekwa kama plagi na kushikwa na skrubu moja ya pembeni. Mfumo huo unaitwa T4P, una kiwango chake cha gramu 1.25, na kati ya zile chache zinazotengenezwa bado, AT85EP ndiyo ya kutafuta. Mwenye pleya hiyo anaweza kuruka orodha nzima.

Umbo la ncha

Hapa ndipo hela inapokwenda, basi tukae kidogo.

Ncha ya duara ni kama ncha ya kalamu ya bolpeni. Upana wake ni nusu kipenyo cha mikroni 15 hivi, na kwa kuwa ni mviringo pande zote, haiwezi kuingia kwenye vikunjo vidogo kabisa vya mfuo. Sauti za juu, kama matoazi na herufi “s” ya mwimbaji, inazipita juu juu. Faida zake ni kwamba ni rahisi kutengeneza, ni nafuu, haijali sana ukikosea kuipanga, na Audio-Technica wanaikadiria kufanya kazi saa 500.

Ncha ya duaradufu imenyooshwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine, mikroni 8 kwa 18 kwenye nyingi za bei hii. Ukingo wake mwembamba unafuata vikunjo vizuri zaidi, ila eneo linalogusa santuri ni dogo na linakwisha haraka. Kampuni hiyo hiyo inaipa saa 300. Watu hawaamini wakisikia hivyo. Saa moja tu ya muziki kila siku, na kabla ya mwaka kwisha sindano imefikia ukomo.

Juu ya hizo kuna ncha za kuchongwa kwa ustadi, kama Shibata na maikrolaini. Hizi zina ukingo mwembamba mno, mikroni tatu hivi kwa maikrolaini, lakini zinagusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu wa wima, kwa hiyo uzito unagawanyika. Audio-Technica wanatoa saa 800 kwa Shibata na 1,000 kwa maikrolaini.

Tofauti kati ya ncha hizi utaisikia zaidi mwishoni mwa upande wa LP, ile santuri kubwa. Santuri ya mwendo wa 33 inazunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini mzingo unapungua. Ukingoni mfuo unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na ncha nene inaanza kukwaruza. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa LP husikika umechoka hata kwenye santuri mpya. Santuri ndogo za 45 hazina tatizo hilo kwa kiasi hicho, kwa kuwa zinakimbia zaidi.

1. Audio-Technica AT-VM95E

Ilitoka mwaka 2018 kuchukua nafasi ya AT95E, katriji ya zamani iliyokuwa imezoeleka kila mahali. Sindano yake ni ya kijani, ncha ni ya duaradufu, hutoa milivolti 4, na uzito wa kuikandamiza ni gramu 2. Bei hucheza karibu na dola 70, yaani kama shilingi 9,000 za Kenya au 175,000 za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru.

Sauti yake ni safi na haijifichi. Gitaa la solo linatoka mbele, sauti za waimbaji zinaeleweka maneno, besi ipo ila si nzito. Fidla za taarabu zinaweza kuchoma kidogo kama spika zako nazo ni kali. Mwishoni mwa LP herufi “s” zitachemka kidogo, jambo la kawaida kwa bei hii. Kama ingekuwa ni sauti peke yake, ningekuwa na mashaka kuiweka namba moja, maana Nagaoka iliyo chini hapo inanipendeza zaidi masikioni.

Kinachoipandisha ni ukoo wake. Mwili mmoja unapokea sindano sita: C ya duara, E ya duaradufu, EN ya duaradufu iliyo almasi tupu (ncha nzima ni almasi), ML ya maikrolaini, SH ya Shibata, na SP ya santuri za 78. Unavuta moja, unasukuma nyingine, na unarekebisha uzito panapohitajika. Mtu anayeishi mahali ambapo duka la katriji liko safari ya ndege mbali anapaswa kuupenda mpango huo. Halafu kuna jambo dogo ambalo aliyewahi kufunga katriji ataliheshimu: matundu ya skrubu yana nyuzi ndani ya mwili wenyewe. Hakuna nati ndogo ya kudondoka kwenye zulia na kutafutwa kwa tochi.

2. AT-VM95ML

Ni katriji ile ile yenye sindano nyekundu, ila bei inapanda hadi kama dola 180, na utauliza inafanya nini kwenye orodha ya bei nafuu. Chukua kalamu. Sindano peke yake ya E ni karibu dola 50 kwa saa 300; ya ML ni karibu dola 150 kwa saa 1,000. Kwa kila saa ya muziki, E inakula senti 17 hivi na ML senti 15. Kwa hiyo mwenye kusikiliza kila siku hapati hasara hata kidogo, na juu yake anapata mwisho wa LP uliotulia, ule mchemko wa “s” ukiwa umekaribia kutoweka.

Njia ya busara kwa mwenye mfuko mdogo ni kuanza na E, kuimaliza, kisha kununua sindano ya ML peke yake. Onyo lake ni kwamba ncha hii haisamehe. Ukiifunga imepinda au uzito umekosewa, utalipa bei ya ML na kusikia sauti ya E.

3. AT3600L, na ndugu yake VM95C, kwa santuri zilizopigwa sana

Nawaweka pamoja kwa sababu kazi yao kwangu ni moja. Zote mbili zina ncha ya duara. AT3600L ni ya dola 20 na kitu, huenda ndiyo katriji nafuu kuliko zote zinazostahili kuitwa katriji, na inakandamiza kwa gramu 3. VM95C inatosheka na gramu 2 na ina faida ya ukoo niliokwisha kuusifu.

Kwa nini mtu achague ncha duni kwa makusudi? Kwa sababu ya aina ya santuri tulizo nazo. Muziki mwingi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960 na 1970 ulitoka kwa santuri ndogo za 45, nyingi zikitengenezwa Nairobi, zikiwemo za bendi za Tanzania. Zilipigwa baani, harusini, kwenye pleya za betri zenye sindano nzito, na hakuna aliyekuwa akihesabu saa. Wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na mara nyingi upande wa B, ambako sebene linachanganya, ndio ulioliwa zaidi. Ukipita kwenye vibanda vya santuri vya Kenyatta Market, Nairobi, utaziona zimepangwa kwa mamia, na ukiinamisha moja kwenye mwanga utaona weusi wake umegeuka kijivu.

Kwenye santuri ya namna hiyo, ncha kali ya duaradufu inasoma kila mkwaruzo kwa uaminifu usiohitajika. Ncha ya duara inapita juu ya mengi. Unapoteza ung'avu wa matoazi, lakini ung'avu huo ulishakwenda zamani na sindano za baani. Kinachobaki, yaani gitaa, sauti, tarumbeta na besi, kinasikika kwa utulivu. Maikrolaini inaweza kukushangaza kwa upande mwingine: kwa kuwa inagusa ukuta wa mfuo mahali ambapo ncha za zamani hazikufika, baadhi ya santuri zilizoonekana zimekufa zinafufuka. Nyingine zinazidi kelele. Huwezi kujua kabla ya kujaribu, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda mwili mmoja wenye sindano nyingi.

Kuna dawa isiyouzwa pia. Sehemu kubwa ya santuri hizo ni za mono. Amplifaya yako ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze. Kelele inayotokana na sindano kupanda na kushuka inafutika, na santuri iliyokuwa inachemka kama mafuta kwenye karai inatulia papo hapo. Wengi wana kitufe hicho na hawajawahi kukigusa.

4. Nagaoka MP-110

Kwa masikio yangu hii ndiyo tamu kuliko zote zilizo chini ya dola 200. Inatengenezwa Japani, ncha ni ya duaradufu, hutoa milivolti 5, na uzito wake ni kati ya gramu 1.5 na 2. Sauti yake ina unene wa katikati. Mwimbaji anakuwa na kifua, udi na kanuni vinakuwa na mwili, na herufi “s” zinashughulikiwa kwa adabu ambayo VM95E haina. Kama maktaba yako ni taarabu ya okestra, jazi, na rumba ya taratibu, na unajua hutahangaika kubadilisha sindano za maumbo tofauti, ipandishe hadi namba moja na usinisikilize.

Nimeishusha kwa sababu mbili. Bei yake hukaribia dola 150, na kwa pesa hiyo bado unapata ncha ya duaradufu ya kubandikwa, yaani kipande kidogo cha almasi juu ya kishina cha chuma. Ya pili ni upatikanaji. Si kila muuzaji anayo, na sindano ya kubadilisha inagharimu sehemu kubwa ya bei ya katriji nzima.

5. Ortofon 2M Red

Hapa nitawaudhi wengi. Ortofon ni kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 1918, inajua kazi yake, na 2M Red imefungwa kwenye pleya nyingi mpya tangu kiwandani, ikiwemo Technics SL-1500C. Hutoa milivolti 5.5, inataka gramu 1.8, na inauzwa kwa dola 100 hivi au zaidi kidogo. Ina nguvu, besi imara, na mtu anayetoka kwenye seramiki atahisi amehamia nyumba nyingine.

Tatizo langu ni kwamba kwa bei hiyo unapata ncha ya daraja lile lile la VM95E, na mwishoni mwa LP inachemka zaidi. Watetezi wake husema unaweza kuchomeka sindano ya 2M Blue, ya daraja la juu yake, kwenye mwili huo huo, na ni kweli, na inabadilika sana. Lakini sindano ya Blue inakaribia dola 200, na kwa hesabu hiyo ML imeshakupita. Basi kama pleya yako ilikuja na Red, ifurahie mpaka iishe, kisha fanya hesabu upya. Kama unanunua leo kutoka mwanzo, siioni sababu.

Nyingine kwa kifupi

Goldring E1 ni ya duara, inajitegemea vizuri, na ukiikuta kwa bei nzuri Uingereza ichukue. Rega Carbon ni ya ukoo wa AT3600L kwa jina jingine, na bei yake imepanda kwa ajili ya jina hilo. Grado Black, kutoka Brooklyn, ina joto la sauti ambalo watu huliabudu, lakini haina kinga nzuri dhidi ya sumaku za nje, na kwenye pleya fulani, za Rega hasa, inanguruma kadiri mkono unavyoelekea katikati. Ortofon OM 5E ni nyepesi na inafaa mikono myepesi ya pleya za zamani. Sauti yake ni ya kawaida.

Za Shure niseme kidogo kwa sababu wazee wa disko bado wanaziulizia. Shure ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha kutengeneza katriji. Miili ya M44-7 na M97xE bado ipo mitaani, na kampuni ya Kijapani JICO inatengeneza sindano nzuri za kuziweka. Ukiwa na mwili wa Shure nyumbani, ununulie sindano ya JICO uendelee. Lakini anayekuuzia “Shure mpya ya kiwandani” kwa bei ya kutupa, muage kwa heshima. Za kuiga zimejaa.

Sahani za 78 ni habari nyingine kabisa

Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani za zama zake bado zimo kwenye masanduku ya familia za pwani, Unguja hadi Lamu. Ukibahatika kuwa na moja, usiiguse kwa katriji yoyote kati ya zilizotajwa juu ikiwa na sindano yake ya kawaida. Mfuo wa 78 ni mpana, unahitaji ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 76 hivi. Sindano ya LP itazama hadi chini ya mfuo, itasoma uchafu, na itajiharibu yenyewe.

AT-VM95SP, au sindano ya SP kwenye mwili wa VM95 ulio nao, ndiyo suluhisho rahisi zaidi. Inataka gramu 5, kwa hiyo usisahau kuzungusha uzito wa nyuma, na usisahau kuurudisha kabla ya kuweka LP. Kwa bei ya chini zaidi kuna sindano za 78 za kuchomeka kwenye AT3600L. Pleya yenyewe lazima iwe na mwendo wa 78. AT-LP120X inao, nyingi za kisasa hazina.

Na katika kuzisafisha, spiriti ni marufuku. Sahani hizo zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi inaiyeyusha. Maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, lebo ikikaa kavu. Plastiki ya LP na 45 inavumilia alkoholi kidogo ndani ya maji, na kwa santuri zilizokaa Mombasa au Tanga zikaota kuvu, mchanganyiko huo unasaidia sana. Sindano mpya kwenye santuri yenye kuvu ni hela iliyotupwa.

Kufunga bila kuharibu

Nyaya nne zina lugha moja karibu kila mahali: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Alama za L na R ziko nyuma ya katriji. Zisukume kwa koleo ndogo ya mdomo mrefu, polepole, kwa kushika kile kichwa cha chuma wala si waya. Waya ukikatika, fundi wa redio anaweza kuuchomelea kichwa kipya, lakini mwambie asiguse pini za katriji kwa moto; koili za ndani ni nyembamba na zitaungua.

Acha kifuniko cha sindano mahali pake mpaka skrubu zishike. Panga katriji kwa karatasi ya vipimo, ambayo unaweza kuipakua bure na kuichapisha kwa ukubwa wake halisi. Kisha uzito. Namba zilizochongwa kwenye uzito wa nyuma ni makadirio tu, na kwenye pleya nafuu hukosea vya kutosha kusikika. Nunua mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya sonara, inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu, na uhakikishe sahani yake ya kupimia iko chini, karibu na kimo cha santuri. Weka sindano juu yake, soma, zungusha, soma tena. Watu huogopa uzito mkubwa, lakini uzito mdogo kupita kiasi ndio unaoharibu zaidi, kwa kuwa ncha inarukaruka na kugonga kuta za mfuo. Kama kiwandani wamesema kati ya 1.8 na 2.2, weka 2.

Jambo la kapasitansi, yaani uwezo wa waya kuhifadhi chaji ya umeme, nitalipitia haraka. VM95 inapendelea jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, ikiwa ni pamoja na waya wa pleya. Waya mrefu wa bei rahisi unaweza kupita hapo na kuongeza ukali wa juu. Tumia waya mfupi.

Kuagiza

Katriji nzima ya VM95 ina gramu 6 na boksi lake linaingia mfukoni. Shemeji anayerudi kutoka Dubai au London ndiye msafirishaji bora kuliko wote, na akikubali, mwagize sindano ya akiba pia. Ukiagiza mtandaoni, nunua kwa muuzaji anayetajwa na kampuni yenyewe, na epuka sindano za “kufanana na asili” ambazo hazisemi umbo la ncha. Neno almasi peke yake halitoshi, maana hata ya duara ni almasi.

Ikifika, ifungue kwenye mwanga. Tazama kijiti kwa mbele: kinapaswa kusimama katikati, wima, bila kuegemea upande. Kikiwa kimepinda, piga picha kabla ya kuifunga na uirudishe, kwa sababu ukishaikaza skrubu muuzaji atasema umeipinda wewe. Upande mmoja wa spika ukiwa kimya, usiilaumu katriji bado. Zima amplifaya, kaza vichwa vya nyaya nne, kisha ujaribu tena.